Vizibo vya Kusemea

"Watoto wangu wanajibu maswali yako!" Mwalimu alisema, kikombe cha chai mkononi. "Nimesimama pale mbele nauliza kwa nini mvua hainyeshi kila siku. Mtoto kafungua mdomo, ndiyo kwanza anataka kutoa kitu cha kichwani mwake mwenyewe, na wewe huko upande wa pili unagonga ubao kwa fimbo: saba mara nane! Darasa langu lote, watu sitini na wanane: hamsini na sitaaa! Hivi hilo ni somo gani?"

"Ni somo la Hesabu," alijibu Jemadari bila kuinua macho kwenye madaftari yake. "Na wamepata. Ningekuwa wewe ningesema asante."

Ofisi ya walimu ikaangua kicheko. Jemadari ndilo jina walilompa mwalimu wa Hesabu, kwa sababu ya ile fimbo aliyoibana kwapani hata akienda chooni. Darasa lake na darasa la nne la Mwalimu yalitenganishwa na mbao nyembamba, za kupasuka ukizitazama vibaya. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

"Msicheke, nimeandika barua," Mwalimu alisema.

"Tumeisikia," alisema mwalimu wa Sayansi. "Kurasa tatu. Mwalimu mkuu kaisoma akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena."

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, na walimu wenzake walimwita hivyohivyo akiwapa mgongo, kwa sababu hakuna kitu alichokiacha kipite bila kukiuliza kwa nini. Alikuwa na miaka arobaini na sita, magauni mawili ya kazi na jozi moja ya viatu, na mkataba wa mwaka mmojammoja ambao kila mwaka aliusubiri kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Mwalimu mkuu akaingia na ile barua mkononi. Alikuwa mtu mpole aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na miaka hiyo miwili alitaka ipite kwa kunyata.

"Mama," alisema, "ukuta ni wa mbao. Unataka nikujengee wa mawe?"

"Nataka aache kuwakaririsha kwa kelele, mkuu. Angalau kipindi changu kimoja kwa siku."

"Yeye wanafunzi wake wanafaulu. Wewe wako wanafanya nini?"

"Nawafundisha kujadiliana. Mmoja aseme, mwingine amsikilize, ampinge kwa sababu, si kwa kumzomea."

"Kujadiliana!" alisema Jemadari. "Watoto wa miaka kumi! Mimi mke wangu nina miaka ishirini naye na hatujaweza."

Walicheka tena. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Alhamisi ya wiki ijayo anakuja mkaguzi. Nitamleta darasani kwako. Akiyaona hayo majadiliano, nasaini mkataba wako siku hiyohiyo. Akiona soko, zile mbao zinang'olewa, madarasa yote mawili anayachukua mwenzako, na wewe ukimaliza muhula huu ndiyo tumeagana. Umenielewa?"



"Nimeelewa," Mwalimu alisema.

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima alihatarisha ugali wake kwa ajili ya watoto kubishana, lazima arudi nyuma miaka tisa, siku mume wake alipomaliza wiki tatu kaburini. Ndugu wa marehemu waliketi sebuleni kuzungumzia nyumba. Shemeji mkubwa ndiye aliyeongoza kikao, na shemeji huyo alikuwa mwalimu mstaafu. Aliendesha kikao kama alivyoendesha darasa.

"Nyumba hii kaijenga ndugu ye—?"

"Tuuu," wakaitikia.

"Kwa hiyo inabaki mikononi mwa fami—?"

"Liaaa!"

Na sauti ya mjane ilikuwamo. Aliisikia mwenyewe, inapanda na kushuka pamoja na nyingine, kama miaka saba yote ya shule ya msingi ilivyomzoesha. Mtu mkubwa kasimama, kaachia neno katikati, wewe unalimalizia. Wakati anatambua amemalizia nini, karatasi ilikuwa imeshasainiwa na shemeji anaulizia chai. Baada ya mwezi alihamia chumba cha nyuma kwa dada yake, fundi cherehani, akawa anashona vifungo na kutoboa matundu yake. Akashona vifungo mpaka akavichukia. Akiwa na miaka thelathini na tisa akaingia chuo cha ualimu, akakaa dawati moja na mabinti waliomwita mama na kumwazima kioo.

Siku ya kwanza alipopewa darasa alisimama mbele ya ubao, akasema, "Mmea unahitaji maji na mwanga wa ju—" na darasa likamalizia, "Aaa!" Aliisikia tena sebule ya shemeji.

Sasa alikuwa na siku nane za kazi.

Jumanne na Jumatano alijaribu njia aliyofundishwa chuoni. Aliandika ubaoni, kwa mwandiko wa duara: *Nakubaliana na mwenzangu kwa sababu.* Chini yake: *Sikubaliani na mwenzangu kwa sababu.* Akaeleza, akatoa mfano, akajipinga mwenyewe akisimama huku na kule kama mtu aliyepagawa. Kisha akauliza, "Haya, kipi bora, kukaa dawati la mbele au la nyuma? Nani anaanza?"

Hakuna mkono ulioinuka. Nzi alitua kwenye ramani.

"Msiogope. Tumieni yale maneno ya ubaoni."

Wakavuta pumzi wote kwa pamoja, na hapo akajua, kabla hayajatoka, kwamba ameharibu.

"Sikubaliani na mwenzangu kwa sababuuu!"

"Sababu gani?"

"Sababuuu!"

"Mwenzenu yupi?"

"Mwenzanguuu!"

Upande wa pili wa mbao Jemadari alicheka mpaka akakohoa.

Alhamisi jioni Mwalimu aliketi barazani kwa dada yake, viatu amevivua, anatazama cherehani ikila kitambaa.

"Hawa watoto wameshonwa midomo, dada. Nafumua uzi huku, wenzangu wanashona kule. Nimebakiwa na siku tano."

"Na ukishindwa?"

"Narudi kwenye vifungo vyako."

Dada yake akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yameanza kuzeeka kabla yake. Siku hizi uzi alitungiwa na mpita njia. Wote wawili walijua hesabu ya nyumba ile ilivyokaa, kwamba karibu itategemea mshahara wa Mwalimu peke yake, na hakuna aliyeitaja.

"Wewe watu wako hawana namba," dada alisema mwishowe.

"Namba gani?"

"Hospitali. Zamani tulikuwa tunasukumana mlangoni, wenye nguvu wanaingia, wanyonge wanafia kwenye benchi. Wakaleta vile vikaratasi vya namba. Siku hizi hata bibi kizee asiyejiweza, akiwa na namba yake, anainua kichwa: bado mimi! Mpe kila mtoto kitu mkononi, mdogo wangu. Mtu mwenye chake mkononi haogopi kudai zamu."

Mwalimu alimtazama dada yake, mtu aliyeacha shule darasa la tano, akatamani chuo kizima kingekuwepo barazani hapo.

Jumamosi alizunguka na ndoo kwenye maduka ya vinywaji, anaomba vizibo vya soda. Wenye maduka walidhani amechanganyikiwa, wakampa haraka aondoke. Alipata mia moja thelathini na sita, viwili kwa kila mtoto. Alivichemsha, akavisugua kwa mchanga, akavikausha juu ya bati. Sheria ilikuwa moja: ukitaka kusema, unatumbukiza kizibo kwenye kopo, unasema peke yako, hakuna wa kukuingilia. Vikikuisha, unasikiliza mpaka wiki iishe. Ukibaki navyo, bado hujamaliza wajibu wako.

Jumatatu vilifanya kazi. Nani angeamini? *Tiki*, kopo likasema, na mtoto aliyekaa mwaka mzima kama gunia la chumvi akasimama akasema kwamba dawati la nyuma ni bora kwa sababu ukuta unakuegemeza ukiwa na njaa. *Tiki.* Mwingine akasema hapana, huko nyuma mwalimu hakuoni, na usipoonwa unaweza kuumwa mpaka kengele ilie. Mwalimu alisimama dirishani akijifanya anafungua pazia ili wasimwone macho. Jemadari aligonga ubao wake, na ni nusu tu ya darasa iliyoitikia hamsini na sita.

Jumanne waliosema walikuwa kumi na wawili. Jumatano watano, tena walewale, na kati ya hao mmoja alisema mara tisa.

Mwalimu akahesabu. Mtoto mwenye vizibo viwili anasemaje mara tisa?

Mapumziko alimwita. Alikuwa mvulana mnene wa mashavu, watoto walimwita Bosi, na alipotembea kutoka mlangoni hadi mezani alilia *cheche-cheche-cheche* kama punda mwenye njuga.

"Vua soksi."

Bosi akavua. Vizibo vikamwagika mezani. Mwalimu alihesabu hadi arobaini na nne.

"Umeviiba?"

"Hapana, mwalimu! Nimenunua. Kimoja namchongea mtu penseli wiki nzima. Viwili namchagua kwenye timu yangu ya mpira. Wengine nawabebea ndoo ya maji ya kumwagilia."

"Yaani wenzako wamekuuzia zamu zao za kusema?"

"Hawazitaki, mwalimu." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto mdogo. "Wanasema ukisema unakosea, ukikosea unachekwa. Afadhali penseli."

"Na wewe huchekwi?"

"Nachekwa. Ila nazoea."

Kumbe mkuu alisema akiona soko. Na soko lilikuwa limeshafunguliwa, lina bei na mfanyabiashara mkuu. Alikuwa amewapa watoto kitu cha thamani mkononi, nao wakafanya nacho kile ambacho watu wazima wote wanafanya wakiwa na hofu: wamempa mwenye mdomo mkubwa awasemee.

"Mimi sikuuza," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa msichana mwembamba aliyekaa dawati la kwanza, waliyemwita Kifutio kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufuta ubao. Dasta ilikuwa mkononi, vumbi la chaki hadi kwenye kope. "Mimi nilimkopesha kimoja, mwalimu. Alisema atanirudishia kesho yake. Kesho yake imeshapita. Nilitaka—"

"Nenda kacheze," Mwalimu alisema.

"Lakini nilitaka leo nise—"

"Nimesema nenda kacheze!"

Mtoto akaweka dasta chini, polepole, akageuka.

Mwalimu alibaki na lile rundo. Jambo la haki lilikuwa wazi kama mchana: kugawa upya, viwili viwili, na kuanza tena. Lakini kesho ndiyo Alhamisi. Akigawa leo, kesho mkaguzi atakuta mikono sitini na minane imekunjwa na vizibo vimekumbatiwa. Akiviacha vilipo, Bosi na wenzake wanne wangesema. Wangesema sana. Mtu asiyejua angeona darasa lenye uhai. Aliwaza cherehani, aliwaza macho ya dada yake, aliwaza matundu ya vifungo, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa maisha.

"Virudishe," alisema.

"Niwarudishie wenyewe?"

"Kwenye soksi. Uwape wale marafiki zako wanne, kesho mpokezane vizuri. Mmoja akubali, mmoja apinge. Msiseme kwa mpigo."

Bosi alimtazama kwa heshima mpya, kama mfanyabiashara anavyomtazama mwenzake, na Mwalimu akatamani ardhi immeze.

Mlangoni, Kifutio alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa ameona yote.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye faili la kijani. Alikaa nyuma kabisa, magoti yakimgusa kidevu kwenye dawati la watoto, na mwalimu mkuu kando yake anafuta jasho. Ubaoni Mwalimu alikuwa ameandika: *Je, ni haki mmoja akikosea liadhibiwe darasa zima?*

*Tiki.* Bosi akasimama. Si haki, alisema, kwa sababu akiiba jirani haufungwi mtaa mzima. *Tiki.* Rafiki yake akapinga: ni haki, kwa sababu darasa likiadhibiwa lote, lenyewe litamkanya mkosaji. *Tiki.* Lakini je, kama hawakumwona? *Tiki, tiki.* Kalamu ya mkaguzi ilitembea. Mwalimu mkuu aliacha kufuta jasho, akatabasamu, hata akamkonyeza Mwalimu kwa furaha. Mwalimu alihisi mkataba unasainiwa hewani.

Ndipo mkono mwembamba ukainuka dawati la kwanza. Mwalimu aliuona. Akageukia dirisha.

"Mwalimu," alisema mkaguzi kutoka nyuma, "kuna mkono hapo mbele."

"Ee... ndiyo. Sema, mwanangu."

Kifutio akasimama. "Sina kizibo. Cha pili nilikitumia Jumatatu. Cha kwanza anacho Bosi, nilimkopesha. Nakidai."

"Nitakupa kesho," Bosi alisema kwa mdomo wa pembeni.

"Ulisema kesho toka Jumatatu!"

"Na mimi nipe changu," akasema mwingine. "Penseli yenyewe hukuichonga, umevunja ncha!"

"Wewe uliuza, huna unachodai!"

"Niliuza kwa wiki nzima, umechonga siku moja! Si haki!"

"Kama mtu hakutimiza, mauzo yanavunjika," alisema yule wa gunia la chumvi, akasimama juu ya dawati kabisa. "Hata dukani ukipewa kibovu unarudisha!"

"Lakini kwa nini uliuza? Nani alikulazimisha?"

"Niliogopa kuchekwa! Wewe huogopi?"

Darasa lilichemka. Watoto arobaini walikuwa wamesimama, wanaelekezana vidole, wanakatizana, wanatoa sababu na kuzitupa na kuokota nyingine. Mwalimu alisimama katikati, mikono imekufa ubavuni. Miaka mitano ya ualimu alikuwa akiyatafuta haya. Hakuna aliyeangalia ubao. Hakuna aliyemalizia neno la mtu. Walikuwa wakijadiliana, kwa hasira na kwa akili, kuhusu kitu walichokijua mpaka kwenye mifupa. Alifungua mdomo ili amwambie mkaguzi, tazama, ndiyo haya.

*Pa! Pa! Pa!* Fimbo ya Jemadari iligonga mbao kutoka upande wa pili. "Kimyaaa huko!"

Na darasa lake lote, watu sitini na wanane, wakakaa mara moja, wakakunja mikono, wakaitikia kwa sauti tamu iliyonyooka:

"Kimyaaa, mwaliiimu!"

Mkaguzi akafunga faili. Kabla hajatoka alisema, si kwa ubaya, "Mlianza vizuri, mama. Tatizo ni nidhamu."

Ijumaa asubuhi mwalimu mkuu alimwita, akamwambia akiwa anatazama kalenda. Mbao zingetolewa Jumatatu. Yeye angemalizia muhula stoo, akihesabu vitabu. Baada ya hapo, shule inamshukuru kwa utumishi wake. Mwalimu aliuliza kwa nini, mara moja tu, kwa mazoea. Mwalimu mkuu akasema, "Ndiyo hilohilo, mama. Hilo 'kwa nini' lako ndilo lililokuponza."

Kwenye korido alipishana na Jemadari. Kwa mara ya kwanza fimbo haikuwa kwapani. "Sikujua mkaguzi ameshaingia ndani," alisema. "Ningejua nisingegonga." Mwalimu alimpita kama anavyopitwa mtu aliyesimama njiani.

Kipindi cha mwisho aliingia darasani akiwa na ile ndoo ya vizibo, avikusanye. Habari ilikuwa imeshatangulia. Watoto walikaa kama kwenye msiba. Alisema tu, "Leteni vizibo."

Hakuna aliyesogea. Kisha Bosi akainama, akavua soksi zote mbili, akaanza kupita dawati kwa dawati. Hakuitwa, hakutumwa. Kila alipofika aliweka kimoja au viwili, akisema kwa sauti ndogo, "Chako. Chako. Wewe nilikuchongea, lakini chukua tu." Alipofika dawati la kwanza aliweka kimoja mbele ya Kifutio. "Nimechelewa," alisema. "Samahani."

Kifutio alikichukua. Hakukirudisha kwenye ndoo. Alisimama, akaenda hadi mezani, *tiki*, akakiangusha kwenye kopo. Akageuka akamtazama Mwalimu usoni.

"Jumatano ulijua," alisema. "Nilitaka kukuambia, ukanifukuza. Kisha ukamrudishia Bosi vya watu. Wewe ndiye uliyetufundisha kila mtu aseme. Kwa nini ulifanya vile?"

Upande wa pili wa mbao Jemadari alikuwa anauliza sita mara tisa, na darasa la Mwalimu halikujibu.

Mwalimu alitafuta maneno ya mtu mzima. Alikuwa nayo mengi: ratiba, mkaguzi, ninyi bado wadogo. Alikaa kwenye kona ya meza.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikaona afadhali waseme watano niokoke mimi, kuliko kuwangoja ninyi wote. Nilikuziba mdomo. Ni mimi, si Bosi."

"Na umefukuzwa vilevile."

"Nimefukuzwa vilevile."

Kifutio alifikiri. Alifikiri muda mrefu, macho yakiwa kwenye kopo, wala hakuna aliyemharakisha.

"Hukufanya vizuri, mwalimu."

"Sikufanya vizuri. Nisamehe, mwanangu."

"Haya," mtoto akasema. "Yameisha." Akarudi kukaa kwenye dawati lake.